SHA, NHIF, matibabu ya bure au kadi ya kaunti: ulinganisho kwa mpiga kura wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 hauko mbali, na kuhusu matibabu tunaahidiwa mambo manne yanayojirudia. Yupo anayesema SHA, mamlaka ya serikali inayoendesha bima mpya ya afya, inafanya kazi, ipewe muda tu. Yupo anayeapa kuirudisha NHIF, bima ya taifa iliyotangulia. Yupo anayetaka matibabu yawe bure, yalipiwe na kodi. Na kila kaunti hukosi mwaniaji wa ugavana anayeahidi kadi yake mwenyewe. Nimeandika haya kwa mtu anayetaka kuchagua kati ya hayo manne akiangalia kwanza kipato chake na mgonjwa aliye nyumbani kwake, ndipo aangalie chama.

Nasisitiza chama kwa sababu nimeshuhudia kinavyogeuza maoni. Hapa Nakuru, ambako UDA, chama cha Rais Ruto, ilizoa kura nyingi 2022, watu niliowajua waliutetea mswada wa bima mpya mwaka 2023 kwa nguvu zao zote. SHA ilipoanza kazi 1 Oktoba 2024, Seneti ilikuwa karibu kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, na kufikia Krismasi baadhi ya watetezi wale wale walikuwa wakiiita wizi mtupu. Kisumu mambo yalikwenda upande wa pili. Mwaka 2024 ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kuisifu SHA sokoni Kibuye. Baada ya Ruto na Raila Odinga kutia saini makubaliano yao tarehe 7 Machi 2025, sauti zikapoa. Lakini makato ya SHA yalikuwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makubaliano na yakabaki 2.75 baada yake. Foleni ya hospitalini haikufupishwa wala kurefushwa na saini ile.

Kwetu hili lina historia yenye damu. Hospitali ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969. Siku hiyo Kenyatta na kiongozi wa upinzani Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila, walirushiana maneno mbele ya umati, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa, na siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Wazee wanaokumbuka siku ile hawawezi kuitazama serikali ikileta huduma ya afya bila kujiuliza inataka nini. Siwalaumu hata kidogo. Ila kijana aliyezaliwa miaka thelathini baadaye anahitaji kipimo kingine.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Marekani, sheria ya bima ya afya ya Barack Obama ilitiwa saini 23 Machi 2010 bila kura hata moja ya Republican katika Baraza la Wawakilishi. Watafiti wa maoni waligundua kwamba wengi waliokataa sheria hiyo ikiwa na jina la Obama walivipenda vipengele vyake walipoulizwa kimoja kimoja: kijana kubaki kwenye bima ya wazazi hadi miaka 26, au kampuni kuzuiwa kumkataa mtu ambaye tayari ni mgonjwa. Chama cha Republican kilipojaribu kuifuta Julai 2017, jaribio lilikwama Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49. Mtindo huo wa kuuliza kipengele kimoja kimoja ndio nitakaoutumia hapa.

NHIF na SHA, shilingi kwa shilingi

NHIF ilianzishwa 1966. Viwango ambavyo wengi tunavikumbuka ni vya 2015: mwajiriwa alikatwa kati ya Sh150 na Sh1,700 kwa mwezi kulingana na mshahara, na aliyejiajiri alilipa Sh500 kwa mwezi, awe na duka la jumla au awe anauza mboga. SHA ilitokana na sheria iliyotiwa saini 19 Oktoba 2023. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo cha juu. Asiye na mwajiri huulizwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo, mifugo na mengineyo, kisha mfumo unamkadiria. Hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi.

Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha anayepata Sh15,000 alikuwa akikatwa Sh600 na NHIF. SHA humkata Sh412.50, kwa hiyo amepata nafuu. Mwenye Sh30,000 alikatwa Sh900, sasa ni Sh825. Mpaka uko karibu na mshahara wa Sh33,000: ukiuvuka, unalipa zaidi ya zamani. Mwalimu wa Sh50,000 ametoka Sh1,200 hadi Sh1,375, jambo ambalo si msiba. Mwenye Sh100,000 ametoka Sh1,700 hadi Sh2,750, na mwenye Sh200,000 sasa anakatwa Sh5,500, zaidi ya mara tatu. Ukisikia kelele kubwa kuhusu makato, angalia kwanza anayepiga kelele yuko upande gani wa mpaka huo. Mimi naamini ni haki mwenye kingi kutoa kingi, mradi huduma anayoilipia ipo. Hilo la mwisho ndilo penye tatizo, na nitalifikia.

Kelele za wenye mishahara si ngeni. Prof. Anyang' Nyong'o, alipokuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitaka viwango vya NHIF vipandishwe 2010. COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi unaoongozwa na Francis Atwoli, ikaenda mahakamani, na viwango vipya vikasubiri hadi 2015. Kabla yao, Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alifikisha mswada wa bima ya afya kwa wote Bungeni, ukapita mwaka 2004, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Tumezunguka hapo kwa miongo miwili.

Kwa asiye na mwajiri, hesabu ya mwaka mzima inaonyesha SHA ni nafuu: Sh3,600 kwa aliyekadiriwa kiwango cha chini, dhidi ya Sh6,000 za NHIF. Lakini SHA inataka mwaka wote ulipwe kwa mkupuo, na hapo ndipo inapowapoteza watu wetu. Mvuvi wa Dunga hupata pesa kila siku kidogo kidogo. Kumwambia atoe Sh3,600 kwa mara moja ni kumwambia aache kununua mafuta ya injini. Mkulima wa miwa wa Mumias naye anaweza kukaa mwaka na nusu akisubiri miwa ikomae, kisha asubiri tena malipo. Huyo angeweza kulipa ya mwaka siku pesa za miwa zinapoingia, lakini ugonjwa haumngoji. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa kukusaidia kulipa ule mkupuo halafu uurejeshe kidogo kidogo. Ni afadhali kuliko kukosa. Lakini kwa nini mama mboga wa Wakulima Market akope ili awe na bima, ilhali mwenye mshahara analipa kila mwezi bila deni? Kasoro hii inaweza kurekebishwa bila kuivunja SHA yote, na anayeomba kura aulizwe kuihusu moja kwa moja.

Kuna kitu SHA inacho ambacho NHIF haikuwa nacho, na huku kwetu hakizungumzwi vya kutosha. Sheria ya 2023 iliunda mifuko mitatu. Mmoja ni huu wa michango, unaolipia hospitali za ngazi ya nne (kama za kaunti ndogo) kwenda juu. Wa pili, wa huduma za msingi, unalipiwa na Hazina Kuu, na unamhudumia kila aliyejisajili katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu, hata kama hajachanga senti. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, wa kuendelea kumlipia mgonjwa pale mfuko wa michango unapofika kikomo chake. Kujisajili ni bure, kwa simu kupitia *147#. Nimekutana na watu wengi mno Bondeni na Kaptembwo hapa Nakuru waliokataa kujisajili kwa kuogopa kuanza kudaiwa, na hivyo wakajinyima huduma ya zahanati ambayo tayari wameilipia kupitia kodi ya sukari. Maoni ya chama yasikunyime hilo. Jisajili, hata kama utampigia kura anayeipinga SHA.

Sasa penye tatizo. NHIF ilipofungwa iliziachia hospitali madeni ya takriban Sh30 bilioni. SHA ikaanza juu ya madeni hayo, na hospitali nyingi, za kibinafsi hasa, zikawa zinawaambia wagonjwa walipe pesa taslimu kwanza. Mwenye kadi na asiye na kadi wakajikuta sawa mbele ya dirisha la malipo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye aliripoti 2025 kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wenye thamani ya Sh104.8 bilioni, haumilikiwi na serikali. Na mwanzo wa yote, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua tarehe 12 Julai 2024 kwamba sheria tatu za afya za 2023, ikiwemo hiyo ya SHA, zilipitishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo Septemba, ndipo SHA ikapata njia ya kuanza. Mtu akikwambia kupinga SHA ni chuki ya kisiasa tu, mkumbushe haya matatu.

Lakini je, dawa yake ni kurudi NHIF? Anayeahidi hivyo anategemea tusahau kwa nini tulilalamika miaka yote ile. NHIF ilimtoza muuza mahindi choma kiasi kile kile ilichomtoza mwenye duka la vipuri, ilimwachia mwenye mshahara mnono alipe Sh1,700 tu, na haikuwa na mfuko wa kumlipia maskini zahanati. Madeni ninayoyataja hapo juu ni yake. Kilicho bora ndani ya NHIF kilikuwa kimoja: asiyeajiriwa angeweza kuchangia mwezi kwa mwezi. Hicho kidaiwe ndani ya SHA.

Matibabu ya bure: Kisumu imeyaona

Hatuhitaji kukisia matibabu ya bure yanakuwaje. Tarehe 13 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua jaribio la Afya kwa Wote mjini Kisumu, miezi tisa baada ya yeye na Raila kushikana mikono na kupatana. Kaunti nne zilichaguliwa kwa sababu za kiafya: Kisumu kwa magonjwa ya kuambukiza, Nyeri kwa magonjwa kama kisukari na shinikizo la damu, Machakos kwa majeruhi wa ajali, Isiolo kwa wafugaji wanaohamahama. Kwa mwaka mmoja, aliyejisajili hakulipa chochote katika hospitali za umma za kaunti hizo.

Watu walimiminika. Waliokuwa wakivumilia uvimbe na kikohozi kwa kukosa ada walitoka nyumbani, na hilo peke yake linanitosha kusema jaribio lile halikuwa kazi bure. Lakini dawa zikawa zinaisha upesi kuliko zilivyoletwa, wauguzi wakabaki idadi ile ile, na hospitali zilizozoea kuendesha shughuli ndogo ndogo kwa ada za wagonjwa zikasubiri fidia kutoka Nairobi. Mwaka ukaisha, jaribio likaisha. Halikuwa na sheria nyuma yake. Lilikuwa na bajeti ya mwaka na urafiki wa viongozi wawili, na vitu hivyo viwili havidumu.

Linganisha na uzazi wa bure, ulioanza 1 Juni 2013. Ulipingwa, ukakosolewa, lakini baadaye ukahamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama, na sasa uko ndani ya SHA kwa jina la Linda Jamii, ambapo kituo hulipwa Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Umebadilika sura na masharti, maana mama sasa anatakiwa awe amelipa mchango akijifungulia hospitali ya ngazi ya nne kwenda juu, na hilo linaniudhi. Hata hivyo haujafutwa, kwa sababu ulikuwa na mahali pa kukaa.

Ghana inatufundisha zaidi. Bima yao ya taifa iliundwa kwa sheria ya 2003 chini ya chama cha NPP cha Rais Kufuor, na chanzo chake kikuu cha fedha ni tozo ya asilimia 2.5 inayofuatana na kodi ya ongezeko la thamani. Wapinzani wao wa NDC walishinda uchaguzi wa 2008 wakiahidi kwamba mwananchi atalipa mchango mara moja tu maishani. Ahadi hiyo haikutekelezwa, lakini bima yenyewe haikuvunjwa, na serikali zimebadilishana mara kadhaa tangu hapo. Kilichoiokoa ni ile tozo iliyotajwa kwenye sheria. Mwanasiasa wa matibabu ya bure akija Kakamega au Ahero, swali ni hilo tu: tozo gani, sheria gani? Akijibu kwamba atakomesha ufisadi ndipo pesa zipatikane, hajajibu.

Kadi ya kaunti

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti hospitali zao, na magavana kadhaa wamejaribu. Mfano unaotajwa sana ni Makueni, ambako familia ililipa Sh500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Huku kwetu, Kakamega chini ya Wycliffe Oparanya ilikuwa na Imarisha Afya ya Mama na Mtoto: mama mjamzito mhitaji alipewa Sh2,000 mara sita, kuanzia kliniki hadi mtoto anapokua, ili asijifungulie nyumbani. Kisumu nayo ilianzisha mpango wa Marwa kuwalipia bima wasiojiweza.

Uzuri wa mipango hii ni ukaribu. Anayeamua nani ni mhitaji ni mhudumu wa afya wa kijiji anayekijua kila kibanda, wala si maswali ya simu. Ukikosewa, unajua ofisi ya kwenda. Udhaifu wake ni kwamba gavana akiondoka, mrithi wake hupenda kuja na jina jipya, na kadi huishia mpakani. Kadi ya Kakamega haina nguvu katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, na huko ndiko Magharibi nzima hupeleka wagonjwa wake mahututi. Hospitali ya Nakuru Level 5 hupokea watu wa Baringo, Nyandarua, Narok na Kericho, na Jaramogi ya Kisumu, ile ile inayoitwa Russia, ambayo mwaka 2025 ilipandishwa kuwa hospitali ya taifa, hupokea Nyanza yote. Kaunti moja haiwezi kubeba mzigo huo kwa Sh500. Naiona kadi ya kaunti kama nyongeza kwa zahanati na akina mama, na ningemkataa anayeiuza kama mbadala wa bima ya taifa.

Basi wewe uchague nini?

Ukiwa na karatasi ya mshahara chini ya Sh33,000, kuirudisha NHIF kwa kawaida ni kukuongezea makato, aseme nani asiseme nani. Mtetee anayetaka SHA ilipe hospitali kwa wakati. Ukiwa juu yake, una haki ya kudai huduma ya kiwango unacholipia, na wapo watakaokuahidi kikomo cha juu cha makato. Uliza pengo litakalobaki litazibwa na nani.

Kama unaishi kwa kibarua, bodaboda au kibanda, na nyumbani hakuna mwenye ugonjwa sugu, kinachokufaa zaidi ni mfuko wa huduma za msingi uwe na pesa na zahanati yako iwe na dawa. Mwaniaji anayezungumza kuhusu mfuko huo kwa tarakimu amekujali kuliko anayepigania jina la bima. Pigania pia malipo ya mwezi kwa mwezi.

Ukiwa na mgonjwa wa figo, saratani au kisukari, usicheze na ahadi ya kuvunja kila kitu na kuanza upya. Wakati NHIF inakabidhi kazi kwa SHA, wagonjwa wa kusafishwa damu ndio walioteseka kwanza, kwa sababu wao hawana wiki ya kusubiri mitambo isomane. Kwenu ninyi ningechagua marekebisho, hata yaletwe na chama nisichokipenda.

Mzee asiye na kipato wala mtoto wa kumtumia pesa yuko kwenye kundi ambalo hakuna mchango unaoliweza. Serikali ilitangaza 2025 kwamba itawalipia Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Ulizia kwa chifu na kwa mhudumu wa afya wa kijiji iwapo jina la mzee wenu limo, mapema, kabla hajaugua.

Na lipo jambo ambalo hakuna bima inayolitatua. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma miezi mitano mwaka uliofuata. Pesa ya mishahara yao na ya kununua dawa hupitia bajeti ya kaunti, ambayo sheria inataka ifikishwe kwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka, kisha wananchi waitwe watoe maoni. Katika vikao hivyo wengi wetu hatuonekani, na barabara ya wadi hujadiliwa kwa saa nzima huku afya ikipewa dakika kumi. Kuna sheria nyingine ya 2023 inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa wanazokusanya badala ya kuzipeleka makao makuu ya kaunti. Muulize mwakilishi wadi wako maswali mawili: hospitali ya kaunti ndogo yenu inabaki na pesa zake zote, na mwezi uliopita ililipwa kiasi gani na SHA? Mkuu wa hospitali anazijua tarakimu hizo, na mwakilishi wadi ana mamlaka ya kuziitisha.